Mchezo wa Kutisha Usio na Silaha

Wakati wa likizo nyumbani Temeke nilicheza mchezo wa kompyuta uitwao Amnesia: The Dark Descent, uliotolewa mwaka 2010 na Frictional Games, kampuni ndogo ya Sweden. Mchezaji huwa Daniel, aliyepotewa na kumbukumbu katika ngome ya Brennenburg mwaka 1839. Hana silaha, ana taa tu, na mafuta yake ni haba. Akiwasha taa, mazimwi humwona upesi. Akijificha gizani, akili humruka kidogo kidogo. Hofu yatokana na kuchagua.

Usiku mmoja umeme ulikatika. Mdogo wangu akaniuliza kama naogopa. Nikajibu, "Hapana," huku nikikitazama kipande cha mshumaa kilichobaki.