KAZI, NISHATI NA NGUVU: Istilahi Tatu za Fizikia na Lugha ya Kitale na Bungoma

Imekuwa desturi kusema kwamba Kiswahili kina upungufu wa maneno ya sayansi. Kwa dhana tatu zinazochunguzwa katika makala haya, shida ni kinyume cha hivyo. Maneno ni mengi kupita haja, na mipaka yao imeingiliana kiasi kwamba msemaji mmoja aweza kutumia *nguvu* mara nne katika aya moja kwa maana nne. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba istilahi hizi haziwezi kuteuliwa moja moja, kila moja kwa upweke wake. Hapana budi ziteuliwe kwa pamoja, kwa kuwa katika fizikia kila moja hufasiriwa kwa nyingine. Mifano imechukuliwa Kitale na Bungoma, katika nchi ya mahindi na miwa, ambako kupima kazi ni jambo la kila siku na halikungoja mwalimu wa fizikia.

Tuanze na gunia la mahindi la kilo 90. Mpakiaji alinyanyuapo kutoka chini hadi kwenye lori, kimo cha mita moja na nusu, hushindana na uzito wa nyutoni zipatazo 900. Zidisha uzito kwa kimo, nawe utapata jouli 1,350. Hiyo ndiyo *kazi* kwa maana ya fizikia: kani iliyosukuma, ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimekwenda kuelekea upande wa kani hiyo. Sasa mtu huyohuyo na asimame na gunia kichwani robo saa nzima, akingoja lori lililochelewa. Shingo itamuuma na jasho litamtoka, naye atadai, kwa haki kabisa, kwamba amefanya kazi. Fizikia itamjibu kwamba gunia halikusogea, kwa hiyo halikufanyiwa kazi hata ya jouli moja. Neno ni lilelile, lakini hukumu ni mbili.

Watunga istilahi aghalabu hudhani kwamba ugumu wa *kazi* umekwisha hapo, yaani katika tofauti ya taabu na kipimo. Kuna ugumu mwingine, wa kisarufi, ambao haujapewa uzito unaostahili. Katika Kiswahili, *kufanya kazi* hubadilika maana kwa kumfuata mtendaji. Mtendaji akiwa mtu, maana ni kushughulika. Akiwa chombo, maana ni kuwa kizima: redio inafanya kazi, saa haifanyi kazi. Mwanafunzi wa Bungoma asikiapo kwamba injini ya mashine ya kusagia "imefanya kazi", haelewi kwamba imetenda jouli kadhaa. Huelewa kwamba imewaka na haikuharibika. Kwa sababu hiyo yafaa sentensi ya kisayansi itaje kitu kilichotendewa, kwa kauli ya kutendea: *injini imelifanyia jiwe la kusagia kazi ya jouli kadhaa*. Kauli hiyo yatosha kuondoa utata bila kuunda neno jipya.

Lubukusu, lugha ya wengi katika Bungoma na katika sehemu kubwa ya Trans Nzoia, huita kazi *kumulimo*, neno lenye mzizi uleule wa *khulima*. Asili ya kazi, kwa lugha hiyo, ni ardhi iliyogeuzwa, jambo linaloonekana na kupimika kwa hatua. Kwa namna fulani msemaji wa Lubukusu yu karibu na mwanafizikia kuliko msemaji wa Kiswahili.

Hapa yafaa kukumbuka lugha ya vibarua wa mashamba. Neno *kipande* lina historia chungu katika Kenya, kwa kuwa ndilo lililopewa cheti ambacho Mwafrika wa kiume alilazimishwa kutembea nacho wakati wa ukoloni, chini ya sheria iliyotungwa 1915. Na Kitale ilikuwa katikati ya mashamba ya walowezi. Lakini *kipande* ni pia sehemu ya kazi iliyopimwa, ambayo mtu akiimaliza amemaliza. Walimaji wawili hupewa vipande sawa. Mmoja amaliza saa sita, mwingine saa kumi. Kazi iliyofanyika ni takriban ileile, na ujira ni uleule. Kilichotofautiana ni kazi kwa kila saa. Kwa upande mwingine, mwenye kulipwa kwa siku hulipwa wakati, wala hapimwi kazi. Hivyo wakulima walikwisha kutenga kazi mbali na wakati, nao wajua kulinganisha viwili hivyo. Kilichokosekana ni jina moja, lisilo na utata, la ulinganisho wenyewe.

Jina hilo ndilo kiini cha ubishi. Kiasi cha kazi kwa kila sekunde hupimwa kwa wati. Mpakiaji anyanyuaye gunia letu kwa sekunde tatu ametoa wati 450, na mwenzake atumiaye sekunde tano ametoa wati 270. Waandishi wengine huita kipimo hiki *uwezo*, na wengine huita *nguvu*. *Uwezo* lina sura ya kitaalamu na huwavutia wengi. Kasoro yake ni kubwa. Vitabu vya Kiswahili hufasiri *nishati* kuwa ni uwezo wa kufanya kazi. Ikiwa *uwezo* limekwisha kutumika kuifasiri nishati, kisha likawa jina la dhana nyingine, mwanafunzi mwangalifu atahitimisha kwamba dhana mbili ni moja, na hitimisho lake litakuwa sahihi kimantiki na kosa kisayansi. Istilahi inayomponza msomaji makini zaidi kuliko mzembe haifai.

Imebaki *nguvu*. Pingamizi lake lajulikana: limebeba mengi mno. Lakini mzigo huo wapungua mara tu *kani* ikikubaliwa kuwa jina la msukumo au mvuto upimwao kwa nyutoni, kama inavyotumika katika maandishi mengi ya fizikia ya Kiswahili. *Kani* ni neno la zamani, lenye harufu ya ubishi na ukaidi, na si vibaya kwa jambo ambalo hushindana na jingine. (Wabukusu husema *kamani* kwa maana ya nguvu. Kufanana huko kwaweza kuwasaidia wanafunzi kukumbuka, ingawa hakuthibitishi udugu. Na Waluhya wengine husema *amani* kwa maana hiyohiyo, jambo linalomshangaza Mswahili asikiapo mtu akisifiwa kwa wingi wa amani katika mieleka.) *Kani* ikichukua nafasi yake, *nguvu* lapata nafasi ya kuwa jina la kazi kwa wakati. Matumizi ya mafundi yaunga mkono jambo hili, maana injini hutajwa kwa *nguvu za farasi*. Kipimo hicho kilienezwa na James Watt alipolinganisha mashine zake za mvuke na farasi, na farasi mmoja ni wati 746 hivi. Mpakiaji wetu wa sekunde tatu, basi, alikuwa zaidi ya nusu farasi, ingawa kwa kitambo kidogo.

Kuhusu *nishati*, Kenya ina mshindani wake, *kawi*, ambalo limetumika hata katika jina la wizara, ilhali Tanzania imeshika *nishati*. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. *Nishati* latokana na uchangamfu. *Kawi* latokana na mzizi wa kuwa na nguvu, mzizi uleule ambao Waarabu huutumia kuita kani katika fizikia yao. Kwa hiyo *kawi* huturudisha palepale tulipotaka kuondoka. *Nishati* ni bora kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya mji lilikoenezwa. Na tusidhani Waarabu wenyewe wametumia neno hilo: nishati ya fizikia wao huiita *taka*, neno ambalo sababu ya kutolikopa iko wazi kwa kila Mswahili.

Mkanganyiko huu si aibu ya Kiswahili peke yake. Hermann von Helmholtz, alipoandika 1847 juu ya kuhifadhika kwa nishati, alitumia neno la Kijerumani *Kraft*, ambalo leo ni jina la kani. Mfaransa Coriolis alilichukua neno la kawaida la kazi mnamo 1829 na kulifinya liwe kipimo. Lugha hizo hazikusubiri maneno safi yashuke. Zilikubaliana juu ya mipaka.

Mipaka hiyo hujaribiwa vizuri katika habari za stima, kama umeme unavyoitwa Kenya. Mwenye nyumba Kitale hununua yuniti, na kila yuniti ni kilowati-saa moja, yaani jouli milioni 3.6, sawa na kunyanyua magunia yetu zaidi ya 2,600. Anachonunua ni nishati. Maandishi kwenye balbu yake, wati 40 au 60, ni nguvu. Kaskazini ya Kitale, bwawa la Turkwel lilianza kutoa umeme 1991, na mtambo wake huhesabiwa kuwa wa megawati 106. Mwandishi wa habari aandikapo kwamba Turkwel "huzalisha nishati ya megawati 106" ametaja nguvu na kuiita nishati. Nishati yenyewe haiwezi kutajwa mpaka isemwe mitambo imezunguka kwa saa ngapi, kama vile ujira wa kipande hauwezi kujulikana kwa kuutazama mwendo wa jembe.