Kujenga banda la gari karibu na mpaka: Omba kulegezewa masharti kabla ya kuchimba msingi

Mkazi anayetaka kujenga banda la gari katika ploti yake anahitaji ruhusa ya ujenzi kutoka kwa serikali ya kaunti, hata kama banda hilo litasimama ndani ya ua wake na litatumiwa na familia yake pekee. Iwapo banda litakuwa karibu na mpaka kuliko masharti ya eneo hilo yanavyokubali, ipo hatua moja zaidi: kuomba kulegezewa masharti hayo.

Ombi hilo hutolewa kabla ya ujenzi kuanza. Anayejenga kwanza na kuuliza baadaye anaweza kupoteza banda, fedha alizotumia na pia ujirani mwema.

Makala haya yanahusu banda la kuegesha gari la nyumbani lililojengwa kando ya nyumba bila kushikamana nayo. Gereji ya kutengeneza magari ni biashara. Anayetaka kuifungua katika ploti ya makazi huomba kubadilisha matumizi ya ardhi, na hilo ni ombi tofauti.

Nafasi ya mpakani ni nini?

Katika maeneo yaliyopangwa, mwenye ploti hajengi hadi kwenye bikoni. Upande wa barabara kuna mstari wa ujenzi, yaani umbali ambao jengo halipaswi kuuvuka kuelekea barabarani. Pembeni na nyuma pia kuna nafasi ya kuachwa kati ya ukuta wa jengo na mpaka wa jirani.

Vipimo hivyo havifanani kila mahali. Hutegemea mpango wa eneo, ukubwa wa ploti, aina ya jengo na upana wa barabara inayopita mbele. Katika ardhi ya kukodi kutoka kwa serikali, masharti mengine huandikwa ndani ya hati ya kukodi. Kwa hivyo kipimo alichopewa rafiki wa mtaa mwingine hakiwezi kutegemewa. Kipimo sahihi hupatikana katika afisi ya mipango ya ardhi ya kaunti, kwa kutumia nambari ya ploti.

Nafasi hiyo ina kazi. Moto ukizuka, huchukua muda zaidi kuruka kutoka jengo moja hadi jingine, na wazima moto hupata pa kupita. Banda la gari lina mafuta ya petroli, matairi na mara nyingi mitungi ya gesi au rangi, kwa hivyo hatari yake si ndogo. Nafasi hiyo pia huruhusu mwanga na hewa kufika kwenye madirisha ya jirani, huzuia maji ya paa kumwagika katika ua wake, na humpa fundi mahali pa kusimama anapokarabati ukuta au kuzibua bomba la majitaka. Katika ploti za kona, nafasi ya mbele humwezesha dereva kuona watoto na magari yanayokuja.

Mfano wa hesabu

Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo wakazi wengi wanaifahamu. Kwa mita ni takriban 15.2 kwa 30.5. Tuseme, kwa mfano tu, masharti ya eneo yanataka mita 6 ziachwe mbele, mita 3 nyuma na mita 1.5 kila upande. Sehemu inayobaki ya kujengea ina upana wa mita 12.2 na urefu wa mita 21.5.

Ikiwa nyumba iliyopo ina upana wa mita 9, hubaki mita 3.2 upande mmoja kabla ya kuingia katika nafasi ya mpakani. Mwenye nyumba anataka banda la upana wa mita 3 na njia ya mita 1.2 kati ya banda na nyumba. Jumla ni mita 4.2. Anapungukiwa na mita 1, na ukuta wa banda utakuwa nusu mita kutoka kwa mpaka badala ya mita moja na nusu.

Wengi wangeona hapo kwamba sababu ya kulegezewa masharti imeshapatikana. Bado haijapatikana. Afisa wa mipango ataangalia ploti yote. Kati ya nyumba hiyo na mpaka kuna mita 4.7 kwa jumla, nafasi inayotosha gari kupita hadi nyuma. Ikiwa nyumba ina urefu wa mita 10 na ilijengwa kuanzia kwenye mstari wa ujenzi, nyuma yake kuna mita 11.5 zinazoweza kujengwa bila kuvunja sharti lolote. Banda linaweza kuwekwa huko, na ombi linaweza kukataliwa.

Hali hubadilika ikiwa nyuma ya nyumba kuna tangi la majitaka, mteremko mkali au bomba kuu la majitaka lisiloruhusiwa kujengewa. Hapo mwenye ploti ana sababu inayotokana na ardhi yenyewe, na anaweza kuithibitisha kwa ramani na picha.

Hili ndilo jambo kuu katika ombi la aina hii. Kupunguza gharama, kukaribia geti au kutaka banda kubwa zaidi ni mambo ya mwenye ploti. Kinachobeba uzito ni hali ya ploti inayomzuia kutimiza masharti, pamoja na uhakika kwamba jirani, barabara na huduma za umma hazitaumia. Ni muhimu pia kuomba kiasi kinachohitajika tu. Katika mfano huu, banda la wazi la nguzo lenye upana wa mita 2.5 lingepunguza pengo kutoka mita 1 hadi nusu mita.

Mambo yasiyoweza kulegezwa

Ombi hili linahusu nafasi iliyo ndani ya ploti ya mwombaji. Halimpi mtu haki ya kujenga nje ya bikoni zake. Akiba ya barabara si sehemu ya ploti, hata ikiwa imekaa miaka mingi ikipandwa mahindi au maua. Baadhi ya barabara ziko chini ya kaunti na nyingine chini ya mamlaka za kitaifa za KeNHA, KURA na KeRRA. Ukanda wa kando ya mto, njia ya nyaya za umeme na njia ya mabomba zina sheria na wasimamizi wake.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kumwita mpimaji ardhi aliyeidhinishwa athibitishe bikoni. Fensi ya zamani au ua wa michongoma si ushahidi wa kutosha wa mpaka. Nusu mita iliyopotea kwenye fensi inaweza kugeuza ombi zuri kuwa kesi ya mpaka.

Namna ya kuomba

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la mipango na maendeleo, na ruhusa za ujenzi hutolewa chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Mwombaji huanza kwa kufika katika afisi ya mipango kujua masharti ya ploti yake na ada zinazotakikana. Kisha huandaa stakabadhi. Kwa kawaida hizi ni:

• nakala ya hatimiliki au hati ya kukodi, na matokeo ya hivi karibuni ya upekuzi wa umiliki;
• uthibitisho kwamba kodi ya ardhi imelipwa;
• ramani ya ploti inayoonyesha bikoni, nyumba iliyopo, tangi la majitaka, mabomba na mahali banda litakapokaa, vipimo vyote vikiwa kwa mita;
• michoro ya banda iliyoandaliwa na msanifu majengo aliyesajiliwa, na ya mhandisi pale inapohitajika;
• maelezo ya mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa kuhusu sharti linaloombwa kulegezwa, kwa kiasi gani na kwa nini.

Michoro ionyeshe pia namna madhara yatakavyopunguzwa. Ukuta unaoelekea kwa jirani usiwe na dirisha wala tundu, na ujengwe kwa mawe au matofali badala ya mbao. Paa literemke kuelekea ndani ya ploti ya mwombaji, liwe na mfereji, na maji yaelekezwe kwenye tangi au mtaro wake. Geti la banda lisifunguke kuelekea barabarani.

Ikiwa ploti imewekwa rehani, mwombaji asome mkataba wa mkopo kwanza, kwa kuwa mikataba mingi hutaka benki ijulishwe. Wanaoishi katika mitaa yenye chama cha wenye nyumba waangalie pia kanuni za chama chao. Ruhusa ya kaunti haifuti makubaliano hayo.

Barua ya chifu, mzee wa mtaa au mwenyekiti wa mtaa haichukui nafasi ya ruhusa ya ujenzi. Ada hulipwa kupitia njia rasmi za kaunti, na mwombaji adai risiti.

Jirani ana sauti

Sheria inamtaka mwombaji kuujulisha umma kuhusu ujenzi anaokusudia, na tangazo hilo hualika watu kuwasilisha pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Jirani anayeona kwamba ukuta utamzibia mwanga au maji yatamwagika kwake anaweza kuandika pingamizi, akitaja nambari ya ploti, madhara anayohofia na marekebisho anayopendekeza.

Ni busara mwombaji amtembelee jirani akiwa na michoro kabla ya tangazo kutoka. Mara nyingine suala humalizwa kwa kugeuza mteremko wa paa au kusogeza ukuta kidogo. Wakikubaliana, makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi na kuambatishwa kwenye ombi. Hata hivyo, idhini ya jirani pekee haitoshi. Jirani huyo anaweza kuuza ploti yake kesho, na masharti ya moto na mifereji yanamlinda pia atakayekuja baada yake.

Uamuzi na rufaa

Ombi linaweza kukubaliwa, kukubaliwa kwa masharti, au kukataliwa kwa sababu zilizoelezwa. Sheria inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Ndiyo maana ni muhimu kuhifadhi risiti na nakala ya ombi yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Kabla ya kutegemea kifungu hicho, mwombaji aiandikie afisi kuuliza hali ya ombi lake, ili asije akakuta barua iliyotumwa kwenye anwani ya zamani.

Asiyeridhika na uamuzi, awe mwombaji au mtu mwingine anayehusika, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango ya ardhi. Anayepinga uamuzi wa kamati anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 hupita haraka, kwa hivyo barua ya uamuzi isomwe siku inapopokelewa.

Anayejenga bila ruhusa

Kuanza ujenzi bila ruhusa ni kosa. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili. Vilevile anaweza kuamriwa kuirejesha ardhi katika hali yake ya awali ndani ya siku 90. Kwa lugha ya kawaida, hiyo ni kubomoa kwa gharama yake mwenyewe.

Aliyekwisha kuanza asiongeze tofali hata moja. Afike afisi ya mipango akiwa na hatimiliki na michoro aliyo nayo, kabla ya ilani kubandikwa. Aliyepewa ilani ya utekelezaji naye ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati hiyo hiyo. Kwenda mapema hakumhakikishii mtu ruhusa, lakini kusogeza nguzo nne ni nafuu kuliko kubomoa jengo lililokwisha kuezekwa.

Wakazi wanaopanga kujenga wanahimizwa kufika katika afisi ya mipango ya ardhi iliyo karibu nao wakiwa na nambari ya ploti na mchoro wa awali, hata wa kalamu ya risasi. Swali la kwanza la kuuliza ni hili: je, kuna mahali pengine katika ploti ambapo banda linaweza kukaa bila kuhitaji kulegezewa masharti? Jibu likiwa ndiyo, mkazi atakuwa ameokoa ada na muda wa kusubiri. Likiwa hapana, atakuwa ameshapata msingi wa ombi lake.