Uzito wa mjamzito: Kula kwa ajili ya wawili si kula mara mbili

KILA mjamzito anapofika kliniki hupandishwa kwenye mizani na uzito wake kuandikwa katika kadi. Wapo wanaouona kuwa ni utaratibu wa kawaida tu, lakini namba hiyo huweza kuwa ishara ya mapema ya hatari kwa mama na mtoto.

Kiasi cha uzito kinachopaswa kuongezeka hakilingani kwa wanawake wote. Kwa mujibu wa mwongozo uliotolewa mwaka 2009 na Taasisi ya Tiba ya Marekani, mwanamke aliyekuwa na uzito wa kawaida kabla ya kushika mimba, kwa mfano mwenye kilo 58 na urefu wa sentimita 160, anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Aliyekuwa mwembamba kupita kiasi anahitaji kilo 12.5 hadi 18, mwenye uzito uliozidi kilo 7 hadi 11.5, na mnene sana kilo 5 hadi 9. Makadirio hayo ni ya mimba ya mtoto mmoja.

Kilo hizo si mafuta matupu. Mtoto huchukua takriban kilo tatu, na zilizobaki ni kondo la nyuma, maji ya uzazi, damu iliyoongezeka, mji wa mimba na matiti yaliyokua, pamoja na akiba ya kunyonyeshea.

Uzito ukiongezeka kidogo mno, mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito pungufu, yaani chini ya kilo 2.5. Ukizidi mno, huongezeka uwezekano wa mama kupata kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kujifungua kwa upasuaji.

Hapo ndipo unapokosea usemi wa mitaani kwamba mjamzito anakula kwa ajili ya watu wawili. Katika miezi mitatu ya mwanzo mahitaji yake ya chakula hayaongezeki sana. Baadaye anahitaji nyongeza ndogo tu, inayokaribia mlo mmoja mdogo kwa siku. Muhimu zaidi ni aina ya chakula: maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga za majani na matunda, badala ya kuongeza tonge za ugali au soda. Kwa upande mwingine, kujinyima chakula ili mtoto asiwe mkubwa ni hatari vilevile.

Dalili ya kuogopwa zaidi ni uzito kupanda ghafla ndani ya siku chache. Ukiambatana na kuvimba uso na mikono, kuumwa kichwa sana au kuona maluweluwe, huenda ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Mama mwenye hali hiyo awahishwe hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Mizani hata hivyo haina msaada mkubwa iwapo hakuna uzito wa awali wa kulinganisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito ahudhurie kliniki angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa kabla ya kutimiza wiki 12. Anayesubiri hadi tumbo lionekane huwa ameikosa namba ya kwanza, ambayo ndiyo kipimo cha zote zinazofuata.