Bei ya sangara wa Sengerema haiamuliwi mwaloni peke yake

MVUVI wa Sengerema anapoteremsha sangara mwaloni, macho yake yote huwa kwenye mizani ya wakala. Bei ikipanda anashukuru Mungu, ikishuka anamlaumu wakala, na wakala naye anakilaumu kiwanda cha Mwanza. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nyuma ya kiwanda yuko mtu mwingine ambaye hana mtumbwi wala mizani. Huyo ni ofisa wa serikali anayeketi kwenye vikao vya Geneva na Brussels, akiwa na faili la vipimo mkononi, akitetea samaki wa Ziwa Victoria wasifungiwe soko.

Ofisa huyo akikosekana, au akiwepo bila kuijua vizuri bidhaa anayoitetea, hasara haiishii wizarani. Inavuka ziwa hadi visiwa vya Kome na Maisome.

Kipindupindu chafunga soko

Mwishoni mwa mwaka 1997 kipindupindu kilienea katika nchi za Afrika Mashariki. Januari 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji.

Kwa viwanda vya Mwanza vilivyokuwa vikipeleka minofu Ulaya kwa ndege, hilo lilikuwa pigo kubwa. Minofu mibichi si pamba, haiwezi kulazwa ghalani kusubiri bei nzuri. Kiwanda kikikosa mnunuzi kinapunguza ununuzi, wakala anaacha kuleta barafu mialoni, na mvuvi aliyekopa nyavu na injini anabaki na samaki wanaoharibika na deni lisilopungua. Hapo huuza kwa bei yoyote anayotajiwa.

Utetezi ulikuwepo, lakini ulihitaji mtu wa kuutoa mahali panapostahili. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kueleza kuwa halikuwa na kumbukumbu ya mlipuko mkubwa wa kipindupindu uliosababishwa na chakula kilichoagizwa kibiashara kutoka nchi nyingine. Nao mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1995, unaohusu afya ya binadamu, wanyama na mimea, unamtaka anayezuia bidhaa kwa sababu za afya awe na ushahidi wa kisayansi. Mwaka 1998 Tanzania ililifikisha suala hilo kwenye kamati ya shirika hilo. Katikati ya mwaka huo huo soko likafunguliwa.

Sumu ilihitaji dawa nyingine

Mwaka uliofuata mambo yalikuwa magumu zaidi. Zilitoka taarifa kwamba baadhi ya wavuvi ziwani walikuwa wakitumia sumu kuua samaki, na mwaka 1999 soko la Ulaya likafungwa tena kwa nchi tatu za ziwa.

Safari hii kusoma vifungu vya mkataba kusingetosha, kwa kuwa tatizo lenyewe lilikuwa nyumbani. Mnunuzi alitaka kuona wakaguzi wenye mamlaka, utaratibu wa kupima mabaki ya sumu kwenye samaki, maji na tope, na kumbukumbu za kila mzigo. Tanzania ikawa ya kwanza kurudi sokoni, kabla ya Uganda na Kenya.

Fundisho la miaka hiyo miwili ni kwamba diplomasia ya biashara ina miguu miwili. Mmoja ni ofisa anayeijua lugha ya mikataba na taratibu za vikao. Mwingine ni mtaalamu wa samaki na maabara, kama ile ya Nyegezi jijini Mwanza, inayompa ofisa huyo ushahidi wa kuweka mezani. Ukikatika mguu mmoja, nchi inachechemea.

Dengu na mbaazi zatoa somo

Mfano wa pili uko ng'ambo tu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Upande wa Misungwi, na Kwimba iliyo jirani, wakulima hulima dengu na kutegemea zaidi soko la India. Desemba 2017 India iliweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu kutoka nje, ili kuwalinda wakulima wake waliokuwa wamevuna kwa wingi, na miezi michache baadaye ikaupandisha zaidi. Agosti mwaka huo huo ilikuwa imekwisha kuweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini humo.

Msumbiji haikupata pigo lile lile la mbaazi. Mwaka 2016 ilikuwa imetiliana saini na India makubaliano ya kununuliwa kiasi maalumu kila mwaka kwa miaka mitano. Mbaazi zao hazikuwa tamu kuliko za Tanzania. Tofauti ni kwamba walikaa mezani mapema, kabla milango haijafungwa.

Gharama isiyoonekana

Tanzania haijakosa msingi. Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001 iliweka mbele diplomasia ya uchumi, na toleo lake jipya lilizinduliwa Mei 2025. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, Dar es Salaam, ambacho leo kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim, kilianzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano na Msumbiji hiyo hiyo.

Ugumu uko kwenye hesabu. Mshahara na pango la ofisa wa biashara ubalozini huonekana kwenye bajeti ya kila mwaka. Faida yake, kama ilivyo bima, huonekana mwaka ule tu soko linapotishiwa. Ndiyo maana kasma ya namna hiyo huwa rahisi kukatwa, na anayekuja kuilipia ni mvuvi ambaye hakuwahi kuiona.

Kujenga uwezo huo hakuhitaji balozi mpya kila mji. Kunahitaji maofisa wanaokaa na zao moja muda wa kutosha kulijua, na kumbukumbu za majadiliano zinazokabidhiwa ofisa anapohamishwa ili mrithi wake asianze upya. Wanafunzi wa Kurasini nao wapelekwe mialoni na kwenye minada ya mazao kabla ya kupelekwa ng'ambo. Samaki mkunje angali mbichi.

Taarifa pia zinapaswa kurudi chini. Masharti ya Ulaya yanapobadilika, vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi katika halmashauri za Sengerema na Buchosa vinapaswa kuelezwa mapema, si kusubiri wakala aje na bei pungufu.

Kwa upande wake, mvuvi naye ana sehemu katika utetezi huo. Hakuna ofisa, hata awe hodari vipi, anayeweza kumtetea sangara aliyevuliwa kwa sumu au kokoro, au asiyefika sentimita 50. Faili linalofunguliwa Brussels huanza kuandikwa alfajiri, pale mwaloni, mtumbwi unapofika na mkaguzi anapouliza samaki hawa wamevuliwa wapi na kwa zana gani.