Istilahi za Ubadilishaji Umeme: Vifaa Vinne, Majina Manne

Mfasiri wa mafunzo ya umeme akitumia neno moja, "kibadilishi", kwa kila kifaa kibadilicho umeme, hatakuwa amekosea sarufi. Lakini atakuwa amemtia mwanafunzi hatarini. Vifaa hivyo ni vya aina nne, na kila kimoja kina kazi yake.

Ili kuvipambanua, tuchukue mfano wa gridi ndogo ya kufundishia, iwezayo kukaa juu ya meza ya karakana: paneli ya jua, betri ya volti 24, taa, mota, na vifaa vya kubadili umeme baina yao. Mtandao huo waweza kujitegemea au kuungwa na gridi kubwa. Michoro yake ni huria: kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuinakili na kuirekebisha. Twasema "huria", wala si "bure", kwa kuwa kinachotajwa ni ruhusa, si bei.

Paneli na betri hutoa mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja tu. Umeme wa Gridi ya Taifa ya Tanzania ufikapo majumbani ni mkondo geu wa volti 230 na hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Basi twapendekeza jina la kila kifaa lifuate kiingiacho na kitokacho.

Kinyoosha mkondo hupokea mkondo geu na kutoa mnyoofu.

Kigeuza mkondo hupokea mkondo mnyoofu na kutoa geu, kwa swichi za transista zifungukazo na kufungika kwa zamu. Wauzaji hukiita inveta.

Kibadili volti hupokea mkondo mnyoofu na kutoa mnyoofu, volti zikiwa zimepandishwa au kushushwa. Katika gridi yetu hukaa kati ya paneli na betri.

Transfoma hupandisha au kushusha volti za mkondo geu pekee. Neno hili limekwisha kuenea. Hapana haja ya kulibadili.

Faida ya tofauti hizi si ya kamusi tu. Transfoma iliyoungwa moja kwa moja na betri haifanyi kazi yake. Koili yake hupata moto na huweza kuungua. Mwanafunzi aliyeagizwa "unga kibadilishi" hana njia ya kuliepuka kosa hilo. Aliyeagizwa "unga kigeuza mkondo" anayo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika jina lo lote, mfasiri na ajiulize: kinaingia nini, kinatoka nini? Mwalimu naye aonyeshe jibu hilo kwenye mchoro, kando ya kila kifaa.