KOSA LINALOJIFICHA LIKITAZAMWA

Wasomaji wengi wa gazeti letu wanajua ya kuwa kompyuta hufuata amri zilizoandikwa, na jumla ya amri hizo huitwa programu. Amri ikikosewa, matokeo nayo hukosewa. Lakini liko kosa la namna ya peke yake: ukiliwekea mlinzi, hutoweka, mlinzi akiondoka, hurudi. Nataka kulieleza, maana muhula huu tumepambana nalo hapa Igoma.

Chama chetu cha kompyuta kina programu ya kuhesabu vitabu vya maktaba, nayo hutumika katika meza mbili kwa wakati mmoja. Mara chache, hasa wanafunzi wanaposongamana, hesabu ilizidi vitabu vilivyomo kabatini. Tukaongeza amri za kuandika kila hatua katika daftari moja la kumbukumbu ndani ya kompyuta. Hesabu ikawa sawa. Tulipoziondoa, kosa likarudi.

Sababu yake ni hii. Tuseme vipo vitabu 40 vya Fizikia. Meza ya kwanza inasoma 40. Kabla haijaandika, ya pili nayo inasoma 40. Kila moja inatoa kitabu kimoja na kuandika 39, hali vilivyobaki ni 38. Jambo hili hutokea tu meza zinapogongana katika nafasi fupi mno. Sasa, daftari la kumbukumbu huandikwa kwa zamu. Basi meza zikifika hapo hupanga mstari, wala hazigongani tena. Kumbe mlinzi hakumkamata mwizi, amemzibia njia tu.

Wataalamu huliita kosa hili heisenbagi, kwa jina la Werner Heisenberg, Mjerumani aliyeandika mwaka 1927 juu ya mipaka ya kupima vitu vidogo kama elektroni.

Msidhani ni mchezo. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mafundi waliijaribu wasilione kosa. Mwaka 1986, huko Texas, mtaalamu wa fizikia wa hospitali na mwendeshaji wa mashine walirudia kazi ile mara nyingi, hata wakagundua kuwa kosa hutokea masahihisho yakiandikwa upesi, ndani ya sekunde 8. Mionzi huponya ikipimwa sawasawa. Hapa Mwanza, hospitali ya Bugando huitumia kutibu saratani. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sote.

Dawa yake ni nini? Kwanza, kila meza iweke alama fupi kwake yenyewe, zisomwe baadaye, ili zisingojane. Pili, chelewesha kwa makusudi meza moja kati ya kusoma na kuandika, ili kosa litokee mara nyingi na kuonekana. Likiisha kujulikana, tia kufuli: meza moja ikianza kusoma, nyingine ingoje mpaka imalize kuandika. Ndivyo tulivyofanya sisi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nawasihi wenzangu wa Kidato cha Tatu mtakaotupokea kazi hii: kosa likitoweka pasipo sababu, lihesabuni kuwa lingalipo.