Mtoto Aliyerudishwa kwa Mama Yake

Tarehe 1 Novemba 2017 mama mmoja kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo alifika na binti yake wa miaka sita kwenye kituo cha mpaka cha San Ysidro, pale Tijuana ya Meksiko inapopakana na San Diego ya Marekani. Hakuruka ukuta wala hakujificha. Alikwenda kwa maofisa wenyewe akaomba hifadhi. Siku nne baadaye mtoto alichukuliwa. Hati za kesi zinasema mama alimsikia bintiye chumba cha pili akipiga mayowe kwamba anataka kubaki na mama yake. Mtoto akasafirishwa hadi Chicago, karibu kilomita 3,000 kutoka pale. Mama akabaki kizuizini San Diego. Lugha yao ni Kilingala, na kwa muda wa miezi minne walizungumza kwa simu mara chache tu. Mtoto alitimiza miaka saba akiwa kwenye kituo cha watoto huko Chicago, bila mama.

Mahakamani mama huyu anajulikana kwa jina la Bi L., ili asitambulike. Shauri lake lilipofunguliwa Februari 2018, serikali ilidai haikuwa na hakika kama kweli yeye ndiye mama. Kipimo cha vinasaba, ambacho kingeweza kufanyika siku ile ya kwanza, kikathibitisha kwamba ni mwanawe. Machi wakakutanishwa, na kesi yake ikageuka kuwa kesi ya maelfu ya wazazi wengine.

Habari za namna hii huishia hapo kwa kawaida: mlango unafunguliwa, mama anamkumbatia mwanawe, wapiga picha wanaondoka. Naandika makala hii kwa sababu kitaalamu hapo si mwisho. Serikali inaweza kumtenga mtoto na mzazi wake kwa dakika chache, lakini haina uwezo wa kuyarudisha mambo yalivyokuwa, hata jaji akitoa amri na hata fedha zikitengwa.

Utaratibu wenyewe ulikwenda hivi. Baada ya majaribio yaliyofanyika kimyakimya El Paso mwaka 2017, Mwanasheria Mkuu wa Marekani wakati huo, Jeff Sessions, alitangaza Aprili 2018 kwamba kila mtu mzima atakayevuka mpaka wa kusini bila kibali atashitakiwa kwa jinai, na Mei ikawekwa wazi kwamba aliyekuja na mtoto hasamehewi. Kosa lenyewe kwa mara ya kwanza ni dogo. Adhabu yake haizidi miezi sita. Lakini mtuhumiwa haingii mahabusu na mtoto. Basi mtoto aliandikwa kuwa amekuja peke yake, hata kama alikuwa ameshika mkono wa mama yake dakika ile ile, kisha akakabidhiwa wizara inayoshughulikia afya. Katika mji wa McAllen, Texas, wazazi waliingizwa mahakamani kwa makundi, wakakiri kosa, wakahukumiwa muda ambao tayari walikuwa wameukaa mahabusu, wakarudishwa kituoni siku hiyo hiyo. Walikuta mtoto hayupo. Kati ya tarehe 5 Mei na tarehe 9 Juni mwaka huo pekee watoto 2,342 walitenganishwa na wazazi wao.

Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusitisha jambo hilo tarehe 20 Juni. Siku sita baadaye Jaji Dana Sabraw wa San Diego, katika kesi ya Bi L., aliamuru watoto wa chini ya miaka mitano warudishwe ndani ya siku 14 na waliobaki ndani ya siku 30. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakuna daftari moja linaloonyesha mtoto huyu ni wa nani. Idara iliyomshika mzazi na wizara iliyompokea mtoto hazikuwa na mifumo inayowasiliana. Wazazi zaidi ya 400 walikuwa wamekwisha kurejeshwa kwao, wengi Guatemala na Honduras, watoto wakiwa wamebaki Marekani. Mawakili wa huko walipanda milima kwa pikipiki na kwa miguu wakiulizia kijiji kwa kijiji. Oktoba 2020, zaidi ya miaka miwili baada ya amri ya jaji, bado kulikuwa na watoto 545 ambao wazazi wao hawajapatikana. Hesabu ya jumla kwa miaka ya 2017 hadi 2021 imepita watoto 4,600.

Sasa tuje kwa mtoto mwenyewe.

Elimu tuliyo nayo kuhusu mfungamano wa mtoto na mlezi ina mizizi huku kwetu, jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Uganda, akazitembelea nyumba za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala kwa miezi kadhaa, akiwaangalia kina mama 26 na watoto wao wachanga. Aliona mtoto akitambaa mbali kidogo na mama, akigeuka kumtazama, akiendelea mbele, kisha akirudi. Mama ndiye aliyempa ujasiri wa kwenda. Akitoka chumbani, ule ujasiri nao hutoka. London, wenzake John Bowlby na James Robertson walikuwa wakichunguza watoto waliolazwa hospitalini enzi zile wazazi waliporuhusiwa kuwaona kwa nadra. Walieleza hatua tatu: kwanza mtoto hulia na kupigana, kisha hunyamaza kwa huzuni, mwishowe huonekana ametulia, anacheza, anakula, na mama akija hamjali. Wauguzi waliiona hatua hiyo ya tatu kuwa nafuu. Bowlby na Robertson waliona ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mtoto amekata tamaa ya kumtegemea mtu.

Mwilini nako kuna kinachotokea. Mtoto akiogopa, mwili humwaga homoni za tahadhari, mojawapo ikiwa kotisoli. Moyo huenda mbio, usingizi hukata, chakula hakishuki. Akibebwa na mtu anayemwamini, homoni hizo hushuka na mwili hurudi katika hali yake. Huyo mtu akiondolewa, na yeye mwenyewe ndiye chanzo cha hofu kwa kuwa hayupo, mwili hubaki katika tahadhari kwa wiki na miezi. Madaktari wa watoto huiita hali hiyo msongo wenye sumu. Ubongo wa mtoto mdogo unajengeka kwa kasi, na hujijenga kulingana na mazingira unayoyakuta. Ukijengeka katika hofu, hata baadaye hushtuka upesi, hujifunza kwa shida na huchelewa kutulia.

Haya si ya kubahatisha katika suala hili. Mkaguzi wa wizara ya afya ya Marekani alitoa ripoti Septemba 2019 baada ya kuzungumza na watumishi wa vituo vya watoto. Walieleza kwamba waliotenganishwa na wazazi walikuwa na hofu zaidi, hisia za kutelekezwa na dalili za kiwewe kuliko watoto wengine waliokuwa nao. Wapo waliolalamika kifua kinauma ilhali daktari hakuona ugonjwa. Wapo walioamini kwamba wazazi wamewatupa. Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti uliohoji kina mama 425 waliokuwa wamezuiliwa na watoto wao, na watoto waliowahi kutengwa na mama zao walionyesha matatizo zaidi ya kihisia kuliko wasiotengwa, ingawa wote walikuwa kizuizini. Na Februari 2020 shirika la Physicians for Human Rights, baada ya kuwachunguza watu 26, wazazi na watoto, lilihitimisha kwamba kitendo kile kinaingia katika maana ya kisheria ya mateso. Mimi naliunga mkono hitimisho hilo bila kusita. Kumsababishia mtu maumivu makali kwa makusudi ili wengine waogope kuja hakuna jina jingine.

Najua msomaji wa Afrika Mashariki ana swali, na ni swali la haki. Watoto wetu wangapi wamelelewa na bibi kijijini, mama akiwa mjini au Uarabuni akitafuta riziki? Wangapi wamepelekwa bweni wangali wadogo? Mbona wamekua? Ainsworth mwenyewe alikuja Uganda akiwa na hamu ya kujua mtoto anayeachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi huathirika vipi. Jibu langu ni kwamba kuachana kunatofautiana. Mtoto anayekwenda kwa bibi anakwenda kwa mtu anayejulikana, anayeongea lugha yake na kumwita kwa jina lake la nyumbani. Ameagwa. Ameambiwa mama amekwenda wapi na kwa nini, na bibi anamtaja mama kila siku ili asisahaulike. Hata hivyo wapo wanaoumia, na tusijifanye hatuwaoni. Mtoto wa McAllen hakuagwa. Alichukuliwa na mtu mwenye sare, akalazwa ugenini kati ya wageni, na hakuna aliyeweza kumjibu lini atamwona mama, kwa sababu kweli hakuna aliyejua.

Julai 2018 watoto wa chini ya miaka mitano walipoanza kurudishwa, baadhi ya kina mama walisimulia jambo ambalo Bowlby angelitambua mara moja. Mama amenyoosha mikono, mtoto anarudi nyuma. Anamlilia mfanyakazi wa kituo aliyekuwa akimhudumia. Mama aliyehesabu kila siku akisubiri saa hiyo anajiona amekataliwa. Ndani ya wiki chache mambo hugeuka: mtoto yule yule hataki kuachwa hata mama akienda msalani, anakojoa kitandani ilhali alishaacha, anaamka usiku akipiga kelele, anajificha akiona sare yoyote, hata ya mlinzi wa duka. Wakubwa kidogo huwa na hasira. Humuuliza mzazi swali moja: kwa nini uliniacha wanichukue? Mzazi hana jibu, maana naye anajiuliza hilo hilo. Hatia ya mzazi humfanya aogope kumkanya mtoto, na mtoto asiyekanywa na mtu huona hakuna anayeongoza nyumba.

Kwa familia za nyanda za juu za Guatemala zinazozungumza Kimam au Kikiche kuna pigo jingine. Mtoto mdogo akikaa miezi mingi akisemeshwa Kihispania na Kiingereza tu, lugha ya nyumbani humtoka. Wanakutana mama na mwana wakihitaji mkalimani.

Na madhara hayakai ndani ya familia zilizoguswa tu. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama katika mji mdogo wa Postville, Iowa, wakawakamata wafanyakazi 389, wengi wao Waguatemala. Watafiti walipopitia kumbukumbu za vizazi vya jimbo zima, waliona kwamba baada ya uvamizi ule uwezekano wa kina mama wenye asili ya Amerika ya Kilatini kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo ulipanda kwa asilimia 24 ukilinganishwa na mwaka uliotangulia. Waliozaliwa Marekani wenyewe, raia wasioweza kufukuzwa, hawakusalimika. Kina mama wazungu hawakuonyesha mabadiliko hayo. Hofu peke yake ilimfikia mtoto ambaye hajazaliwa.

Desemba 2023 Jaji Sabraw aliidhinisha makubaliano yaliyomaliza kesi ya Bi L. Yanakataza kwa miaka minane serikali kurudia sera ya namna ile mpakani, na yanazipa familia msaada wa kisheria na wa ushauri nasaha. Ni hatua kubwa, ila hayagusi mzazi anayekamatwa akiwa kazini au njiani kumpeleka mtoto shule, na watoto wengi hutengwa kwa njia hiyo. Ushauri nasaha nao hufaa kama familia imetulia. Huwezi kumtibu mtoto hofu ya kuachwa wakati mama yake anasubiri barua ya kufukuzwa nchini.

Kinachosaidia kinajulikana. Mtoto aambiwe ukweli kwa maneno ya umri wake: hukuachwa, ulichukuliwa, na nilikutafuta. Arudiwe maneno hayo hata akionekana hasikii. Saa za kula na kulala zisibadilikebadilike. Asichapwe kwa kukojoa kitandani. Anayemwacha hata kwa nusu saa amuage na arudi kwa muda aliosema. Mzazi naye atibiwe, kwa kuwa mtoto hatulii mikononi mwa mtu anayetetemeka.

Ndugu zetu Wakongomani na Warundi waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na nyinginezo kabla ya kuhamia Marekani wanaishi sasa jirani na familia hizi, watoto wao wanakaa nao dawati moja. Wanajua maana ya kumtafuta mtu kwenye orodha za kambi. Kwao, na kwa yeyote mwenye jamaa huko asiye na makaratasi, nawaomba jambo moja lifanyike mapema: wazazi wakae na mwanasheria wa uhamiaji, waandike kisheria nani atamlea mtoto wakikamatwa, wamfundishe mtoto namba ya simu ya mtu huyo kwa moyo, na wamzoeshe kwake kuanzia sasa, ili siku ikifika asipelekwe kwa mgeni.